Gari Imeenda Runingu

Baba Bella,

Sombe, yale majani ya muhogo, iko mu sufuria. ~~Ukule.~~ Usiiguse, ni ya mama yangu. Kuku uzifungie.

Asubuhi nilikuomba gari tumulete mama, sababu vita imefika kwao Runingu. Ukasema mapine, magurudumu ya gari, ibaki chini ya kitanda, waaskari wasikuje kuibeba. Nikaenda kuchota maji. Kurudi, nakuta umefunga mapine yote ine, unapangusa gari na kuimba, sababu leo clubu yenu ya wenye magari inakutana ku baa. Kumbe waaskari wanaona gari ya kuleta mama mukwe tu, ya kwenda kunywa hawaioni.

Sasa weye uko unaoga. Jirani Protais ameshika usukani, tunaenda.

Kitambaa cha kupangusia nimekuachia. Uende nacho kwa miguu, uwaonyeshe wenzako.

Mama Bella