Kobe wa Robo Maili

Jumapili, 9 Novemba 1947

Nakwangua masizi ya pistoni tangu baada ya alfajiri. Kucha nyeusi. Sabuni haifui dafu. Pikipiki ya marehemu baba ilikaa kibandani nyuma ya nyumba miaka miwili bila kuwashwa. Kwanza petroli iliadimika, kisha maradhi yakamlaza mwenyewe. Tumeirithi watu watatu: mama, dada yangu Zuhura na mimi. Zuhura ameniachia fungu lake bila maneno mengi. Mama yuko edani, ghorofani. Sijamuuliza.

Mtaa wetu wote wa Kibokoni uliiita Kobe. Baba akiiendesha kanzu imepandishwa magotini, mama kando yake ndani ya kigari cha ubavuni, kashika buibui kwa mikono miwili, na baiskeli zikiwapita. Watu wa barazani walicheka. Baba alicheka nao. Mimi niliona haya. Sasa naona haya kwamba niliona haya.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimesema ndiyo, basi imekwisha. Mafundi wa gereji na sisi wa karakana ya bandarini tutashindana robo maili, wawili wawili, kwenye barabara iliyonyooka ya Mbaraki. Jumamosi, 27 Desemba, asubuhi, watu wakiwa bado kwenye mapumziko ya Krismasi. Hirji atakuwepo, fundi wa gereji, mwenye pikipiki mpya ya Kiingereza. Alipojua nakuja na Kobe alicheka mpaka akakohoa. "Lete, bwana, lete! Mimi nitakungoja mwisho na kikombe cha chai."

Tutaona nani atakunywa chai.

Jioni nimekifungua kigari. Boliti nne tu. Nitakirudisha kabla mama hajatoka eda. Baba alifariki Idi pili, 19 Agosti. Miezi minne na siku kumi. Nimehesabu kwenye kalenda ya karakana, imeangukia 29 Desemba. Nitakuwa na siku mbili baada ya mashindano. Zinatosha.

Jumamosi, 22 Novemba

Taa imetoka. Honi imetoka. Madigadi yote mawili, kiti cha nyuma, sanduku la spana. Kisichosukuma hakipandi. Bomba la moshi nimelikata likawa fupi kama mkono wangu. Nilipowasha, kuku wa jirani walipanda ukutani na mzee mmoja akatoka barazani na kiatu kimoja. Nikazima, nikaomba radhi. Juu, dirisha la mama lilifunguka kidogo, likafungwa.

Nimefurahi kupita kiasi. Kobe ana sauti.

Jumatatu, 1 Desemba

Tangi la petroli limeoza chini. Na ni zito. Bati jepesi sikulipata, nimezunguka maduka yote mpaka miguu imeuma. Nikarudi nikakitazama kigari cha mama. Bati lake jembamba, safi. Baba alikuwa akilipaka mafuta ya nazi ili lisishike kutu.

Nimelikata. Msumeno, alasiri nzima. Nilijiambia mjane hapandi tena vitu kama hivi. Nilijiambia mara nyingi mno, na jambo la kweli mtu hajiambii mara mbili.

Tangi limetoka zuri. Halivuji hata tone.

Jumanne, 9 Desemba

Mbaraki, baada ya kazi. Nimebadili gia ya mnyororo. Ile ya zamani ilikuwa ya kuvuta watu wawili, polepole, na kasi yake iliisha mapema. Hii ya sasa inakaza mpaka mwisho. Nilishika usukani tumbo juu ya tangi, macho yakatoka machozi. Wenzangu wa karakana walinyamaza. Wale hawanyamazi ovyo.

Ijumaa, 12 Desemba

Baada ya swala nilipanda kumwamkia mama. Amekonda, lakini leo alikuwa na uso wa kuzungumza.

"Omari, siku nitokayo eda nataka unipeleke Kizingo. Kwa kigari changu. Babako alikuwa akinipeleka kila Jumapili, tukapunga upepo, tukarudi."

Nikasema, "Inshallah, mama."

Mwoga mkubwa mimi. Nilikuwa nimesimama mbele yake, mlango umefungwa, hapana mtu mwingine. Ningesema tu. Badala yake nimekwenda kwa seremala, nikamwagiza bodi ya mbao ya kufunika fremu ya kigari. Ataichonga tarehe 28, mama anatoka 29, na bati atalisahau. Hivyo ndivyo ninavyopanga.

Jumapili, 21 Desemba

Zuhura amekuja kibandani kuuliza kama nimenunua udi.

Udi wa nini?

"Mama yuwatoka eda Alhamisi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia eda huhesabiwa kwa mwezi kuandama, tena akaniambia polepole, kama anavyoambiwa mgonjwa. Miezi minne ya mwezi ni mifupi kuliko miezi minne ya kalenda. Mtoto yeyote wa chuo cha Kurani anajua. Mimi mwenyewe najua! Nimefunga Ramadhani kwa mwezi maisha yangu yote. Lakini kazini tunahesabu zamu kwa ile kalenda yenye picha ya meli, na mimi nimeihesabu eda ya mama yangu kama zamu ya kazi.

Siku nne zimenitoka mkononi. Seremala ameshakwenda Malindi harusini, na hatarudi kabla ya Jumamosi.

Sikugusa spana leo.

Jumatano, 24 Desemba

Nimemwambia.

Nilitaka kuanza mbali, habari za bati kuwa adimu. Nikaona upuuzi. Nikasema nimekata kigari chako mama, nimefanya tangi la mashindano, na sikukuuliza.

Mama aliweka tasbihi yake kando. Kisha: "Nalisikia msumeno. Nikanyamaa nione utakuja kunambia lini. Siku ya kwanza, hukuja. Ya pili, hukuja. Ijumaa ile nikakwambia habari ya Kizingo makusudi, ukanambia inshallah."

Nikasema nitajitoa mashindanoni.

"Usinitupie mimi mashindano yako. Kigari si bati, Omari. Babako akitamba huku na huku mjini, mimi nami nikiwa na pangu kando yake. Ungeniuliza ningekupa. Mbona hukuniuliza?"

Nimelia, na naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 25 Desemba

Mama ametoka eda. Zuhura alimwogesha, akamfukiza udi, akamvika leso mpya. Nyumba imenukia mpaka kibandani.

Kizingo tumekwenda kwa miguu, watatu. Mama alipumzika mara tatu njiani, kila mara akisingizia kiatu. Kengele za kanisa zikilia. Kule kwenye upepo alikaa akatazama bahari. Niliona aibu kila hatua ya kwenda na kila hatua ya kurudi. Lakini mlangoni aliniuliza kama Jumamosi wanawake wanaruhusiwa kutazama.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimemshinda Mgoa mmoja wa gereji, kwa urefu wa pikipiki mbili. Watu wamepiga kelele. Kisha Hirji.

Nilitoka vizuri kuliko yeye. Nilimwona kando yangu, halafu simwoni. Mpaka nusu ya njia Kobe alikuwa mbele, wallahi alikuwa mbele. Halafu ile pikipiki mpya ikaja taratibu, taa yake, gurudumu lake, goti lake. Amenishinda kwa gurudumu moja.

Gurudumu moja. Kwa hilo nimekata kiti cha mama.

Hirji hakuleta chai. Alipiga magoti kando ya Kobe, akatazama kabureta muda mrefu, akaniuliza nimeifanyaje. Nikamweleza. Nimejisikia fundi. Mama na Zuhura walikuwa wamesimama kando ya barabara, na mama alikuwa amepaza sauti mpaka imekauka. Ameniuliza mashindano mengine ni lini.

Jumapili, 28 Desemba

Seremala amerudi. Safari hii nimemwita mama ashuke. Alichagua mbao mwenyewe, akakataa mbili, akasema egemeo liwe juu zaidi, na pawe na pahali pa kushika. Tumechonga mpaka adhuhuri. Nimerudisha gia ya zamani. Boliti nne.

Bomba bado fupi. Nimemwambia mama angoje nitie refu, mtaa wote utasikia.

"Na wasikie."

Akaingia kigarini, akakusanya buibui mapajani. Akakaa. Alipapasa mbao kwa kiganja, huku na huku, pahali ambapo bado hapajalainika. Nikasimama kando. Sikumharakisha.

Kisha akasema, "Haya, washa."