Malisho Aliyoyapanda Baba Yako

Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwa mwanangu Kaylin,

Salamu nyingi, na kabla ya neno lolote nakuuliza kifua. Kile kikohozi cha vumbi la nyasi kavu kimekwisha? Na vile viatu vya mpira, bado vinaingiza maji? Mimi ni mzima, ila goti linanung'unika nikipanda kilima. Shangazi yako Oleta anakusalimu. Watu wa kanisani kila Jumapili wananiuliza kama chuo kimeshakufundisha farasi ana miguu mingapi. Nawaambia bado mko kwenye mguu wa tatu.

Barua hii atakuletea jirani yetu Delbert kwa mkono wake. Kesho anapeleka nyumbu wawili mnadani, na nimemwomba apite chuoni kwenu. Najua utashangaa, maana tumeongea Jumapili tu. Lakini kwenye simu ulimi wangu hutangulia, mimi nabaki nyuma nikiukimbiza. Kwenye karatasi naandika polepole, kila neno nalitazama kabla halijaondoka. Uvumilie mwandiko. Unajua niliacha shule darasa la nane nikaenda kunyonyoa majani ya tumbaku ghalani kwa babu yako, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa orodha ya vitu vya dukani.

Nianze na dogo. Lile daftari lako la kijani la muhula wa kwanza halikupotea. Uliliacha Krismasi chini ya mto wa kochi, na mimi nimekuwa nikilisoma. Siku ya kwanza nilitaka kulipangusa tu. Nikafungua, nikakuta umechora utumbo wa farasi ulivyojikunja ndani, mrefu kama kamba ya kisima, nikakaa. Maharage yakaungua.

Mwanangu, miaka hamsini na sita nimeishi na farasi na sikujua kwamba farasi hawezi kutapika. Akishameza, amemeza. Nilisoma ukurasa ule mara tatu, kisha nikatoka kwenda kumtazama jike letu Juniper kama mgeni aliyefika jana. Ukaandika kwamba tumbo likiwa zima hunguruma, na kwamba inatakiwa kusikiliza sehemu nne, mbili kila upande. Mimi chombo cha daktari sina, nikaweka sikio. Loo, Kaylin, kumbe mle ndani mna kinu kinasaga. Delbert akanikuta hivyo, sikio ubavuni, kofia imeanguka. Akaniuliza, “Vipi Verna, anakwambia nini? Mwulize kama mvua itanyesha, nina nyasi nataka kukata.” Nikamjibu kwamba farasi ameniambia majirani wengine wana domo. Alicheka mpaka akashika uzio. Lakini wiki ile ile nilimwona nyuma ya ghala lake, sikio kwenye ubavu wa nyumbu.

Nimejifunza na mapigo, pale chini ya taya, mshipa unaoteleza kama uzi. Mara ya kwanza nilihesabu vibaya nikapata mapigo kumi na moja, nikadhani anakufa. Sasa napata thelathini na sita, thelathini na nane. Nayaandika nyuma ya kalenda. Na jambo lingine nililotaka kukuuliza: ni nani aliyefikiria kwamba mtoto wa farasi azaliwe na kwato zimevikwa vile vidole laini kama uyoga, ili asimchane mama yake? Niliviona kwa macho yangu vikimong'onyoka mtoto wa Juniper alipoanza kusimama. Natamani kujua vinakwenda wapi, maana asubuhi yake nilivitafuta kwenye nyasi za kulalia na sikuona hata kimoja.

Kuzaa kwa Juniper nilikusimulia kwa simu, lakini kwa pupa. Nikuandikie sawasawa. Wenzake huzaa usiku, yeye alisubiri saa mbili asubuhi, jua limejaa bandani, wiki tatu zimepita juu ya siku aliyotakiwa. Alilala, akasukuma, na badala ya ule utando mweupe kikatoka kitu chekundu kama mahameli. Nilijua ni nini. Kwenye daftari umeandika kwa herufi kubwa na kupiga mistari mitatu chini: MFUKO MWEKUNDU. USISUBIRI. KATA. Kondo limebanduka kabla ya wakati, na mtoto hana hewa. Mkasi wa jikoni nilikuwa nimeutundika msumarini pale bandani tangu nilipousoma ukurasa huo. Nikakata. Nikashika miguu, nikavuta kila Juniper aliposukuma, nikivuta na kumwita baba yako, sijui kwa nini yeye.

Mtoto alitoka wa buluu, kisha akapiga chafya. Chuchu za Juniper zilikuwa tupu kama glavu. Delbert aliposikia alikuja mbio na chupa ya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, aliyokamua kwa jike wake mwezi Machi na kuigandisha kwenye friza, kati ya nyama ya paa na mahindi. Nusura niitie kwenye maikrowevu. Nikakumbuka daftari, nikaiyeyusha kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu. Akanywa. Siku mbili alikuwa kama mlevi, anatafuta ziwa ukutani. Ya tatu akaamka na akili zake. Daktari Sizemore alimpa mama dawa ya kuleta maziwa, na sasa yanakuja kidogo kidogo, mengine tunamnywesha mtoto kwenye ndoo. Leo huyo mtoto amenipiga teke la paja. Nimefurahi.

Sasa ya Jumapili. Uliniambia kwamba Ijumaa utasimama mbele ya darasa na mwalimu wenu Bi. Prewitt, usome rekodi yote ya Juniper tangu Januari hadi kuzaa, kama ulivyokuwa ukiiandika wiki kwa wiki kutokana na maneno yangu ya simu. Ukasema umeipitia mstari kwa mstari ukitafuta kosa. Farasi aliondolewa kwenye nyasi za feski, zile za kilimani zinazodhuru jike mwenye mimba, Januari ishirini, mapema kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo mfuko mwekundu usingetokea, maziwa yasingekosekana, siku zisingepita. Ukasema lililobaki ni zile nyasi kavu ulizochagua wewe. Kisha ukasema huenda mikono yako haifai kazi hii, na ukishasoma rekodi utamwomba Bi. Prewitt akutoe kwenye kozi ya uzazi, urudi nyumbani.

Mimi nikakwambia ulale, kesho utaona vizuri zaidi. Hayo ndiyo niliyokwambia, Mungu anisamehe.

Kaylin, Juniper sikumhamisha. Alikula feski ya kilimani tangu Januari hadi nilipomwingiza bandani siku nne kabla hajazaa. Kila Jumapili uliponiuliza anakula nini, nilikusomea jina la nyasi kavu kutoka kwenye daftari lako mwenyewe.

Delbert alipoona ule utando mwekundu chini aliniuliza taratibu, “Verna, ulimtoa kilimani?” Nikasema nilimtoa. Daktari akaniuliza vile vile, nikasema nilimtoa. Pamoja na wewe ni watatu. Ningekuwa na jogoo angewika.

Usidhani sikukuelewa Januari. Nilikuelewa vizuri. Ulinieleza kwamba ndani ya jani la feski kunaishi kuvu asiyeonekana, jani lenyewe haliugui, ng'ombe anakula na kuendelea, lakini jike mwenye mimba humkausha maziwa na kuligeuza kondo ngozi ngumu. Nilikusikia. Nikachukua kamba, nikapanda mpaka kwenye geti, nikasimama.

Wewe ulikuwa kambini majira yale baba yako alipopanda malisho yale, hukuona. Miguu yake ilikuwa imeshavimba. Alijifunga mfuko wa mbegu begani, akawa anatembea hatua ishirini, anakaa kwenye ndoo, anatembea ishirini. Mimi ndiye niliyekuwa nahamisha ndoo. Siku nne. Alipomaliza alisema Juniper hatakosa majani mabichi hata dunia ikikauka, na kabla hayajafika kifundo cha mguu tukamzika. Basi mimi na kamba yangu pale getini nikaona kwamba nikimtoa Juniper mle, nimesema kazi ya mwisho ya baba yako Harlan ni sumu. Nikarudi. Nikakwambia nimemhamisha. Na kwa kuwa uliniamini haraka hivyo, ya wiki ya pili ilikuwa rahisi zaidi.

Kisha nikaendelea kusoma daftari, na ukurasa wa mfuko mwekundu nikauona mwishoni mwa Machi. Ningeweza kumtoa siku ile. Nilitundika mkasi badala yake. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilijua vya kutosha kutundika mkasi.

Kwa hiyo hukukosea popote. Nyasi kavu ulichagua vizuri. Mtoto yuko hai kwa maneno yako yenye mistari mitatu chini, na Ijumaa uwasomee hivyo. Uwaambie mama yako alidanganya rekodi. Taja jina langu kamili ukitaka. Daktari nimempigia asubuhi hii. Delbert nilimwambia jana mbele ya mke wake. Alivua kofia, akaitazama, akasema na yeye Harlan alikuwa rafiki yake. Hakunitania. Ningependa angenitania.

Ulisema farasi hawezi kutapika. Mimi si farasi, mwanangu, nimeshindwa kukaa na nilichomeza.

Ndani ya bahasha utakuta majani niliyochuma leo kilimani, nimeyafunga kwa uzi mweupe. Nimeyashika dirishani, nimeyapinda, nimeyatafuna kidogo. Matamu. Sioni kitu. Naomba muyaweke chini ya hadubini yenu, kisha unichoree huyo kuvu mpangaji anavyofanana, maana nataka kumjua. Na uulize, tukikilima upya kile kilima, nipande nini kinachofaa jike na mtoto. Mbegu nitamwaga mwenyewe. Ndoo ya kukalia ipo.

Mtoto bado hana jina, anakungoja. Ukiwa na hasira na mimi, uwe nayo huko huko ukisoma, usiilete nyumbani kabla ya mtihani. Nisalimie Bi. Prewitt, mwambie nashukuru kwa daftari. Kula, na kifua ukifunike.

Ni mimi mama yako anayekupenda,
Verna Stamper

Juniper leo asubuhi, mapigo thelathini na nane. Nimehesabu mara mbili. Hiyo unaweza kuiandika.