Mikono Mitupu Maporomokoni

Mama, shikamoo kutoka Kisangani.

Nakuandikia nikiwa juu ya jiwe, miguu imelowa. Maji yananguruma mpaka sauti yangu mwenyewe naisikia kama ya mtu ndotoni. Ndani ya ukungu wa maji wavuvi wametundika migono, yale matenga makubwa ya kuvulia samaki, kama ule tunaoutunza stoo ya makumbusho ya chuo. Miaka yote hii ya kazi sijawahi kuugusa bila glavu.

Nilikuja kuomba mmoja mkongwe kwa ajili ya makumbusho. Papa Basile, mvuvi aliyenipokea, akacheka. "Ya zamani hakuna, mama. Muto inabebaka yote, tunasuka ingine." Kumbe ule wetu, uliokaukia gizani, huenda ndio mkongwe kuliko yote, kwa sababu tu haukurudishwa majini.

Kisha akanipa kamba, nisaidie kuvuta mgono mmoja. Kwa mazoea nikatoa glavu mfukoni. Mkewe akazitazama kwa huruma. "Uko na kidonda, mama?"

Nikazirudisha. Nikavuta kwa mikono mitupu, na ulipofika nikaukumbatia. Fito zilitetemeka viganjani kama kitu kinachopumua, na mle ndani samaki mmoja alikuwa akinitazama.

Uliwahi kuniuliza, ni kazi gani hiyo ya kushika vitu kama vina maradhi. Nilikununia siku nzima.

Basi inuse kadi hii, mama yangu. Sijanawa.

Mwanao akupendaye,
Rehema