Damu ya Baba Mkwe

Jumanne. Mvua ya Kyela haiombi ruhusa; imeanza alfajiri na mpaka jioni hii bado inapiga bati. Nimelowa, nina hasira, na sitaki kuongea na mtu.

Asubuhi kitanda cha nne wodini kwetu kilikuwa kitupu. Atupele, mama wa watoto watatu kutoka Ikolo, alikuwa afanyiwe upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi leo saa nne. Amekunja shuka vizuri, akaondoka. Kwenye faili wameandika: ametoroka. Utadhani tulikuwa tumemfunga.

Kwenye mkutano wa asubuhi daktari wetu, msomi anayeongea na wagonjwa huku macho yake yapo kwenye simu, alitikisa kichwa. "Mila potofu hizi zitatumalizia watu," akasema. Wote tukaguna kumuunga mkono. Na mimi niliguna. Mpaka sasa nikikumbuka najionea kinyaa.

Maana aliyemkimbiza ni mimi.

Jana tuliwaambia ndugu zake damu yake ni kidogo, waje kuchangia. Mumewe yuko ng'ambo ya mto Songwe, nje ya nchi, kwa shughuli zake. Wajomba walikuja na visingizio vyao: mmoja presha, mwingine eti yuko kwenye dozi, wa tatu anaogopa sindano lakini hathubutu kusema. Wanaume wazima! Aliyekunja mkono wa shati ni mmoja tu, baba mkwe wake.

Nikampelekea Atupele fomu ya ridhaa nikiwa nimesimama, nusu nimeshageuka kuondoka. "Saini hapa, mama. Damu ipo, baba mkwe wako ameshakutolea." Nilisema kama mtu aliyeleta zawadi. Akajifunika uso kwa khanga, akasaini. Nikadhani ni aibu ya kawaida, nikaenda kunywa chai.

Mimi ni Mnyakyusa wa kuzaliwa kama yeye, na kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawakaribiani. Baba mkwe wangu akitokea njiani, nakatiza kwenye migomba mpaka apite. Jina lake sijalitamka tangu niolewe, na diploma yangu ya uuguzi imetundikwa ukutani. Halafu namwambia mwanamke mwenzangu kwamba damu ya mkwewe itaingia mwilini mwake, kisha nakaa kwenye mkutano naguna kuhusu mila potofu. Mnafiki gani huyu?

Na wala haikuwa kweli.

Damu ya yule mzee inapimwa, inaingia benki ya damu, anapewa yeyote inayemfaa. Atupele naye angepewa ya mtu mwingine kabisa. Tena upasuaji wake si wa dharura; angeweza kuchagua kusubiri, ameze vidonge vya kuongeza damu na vya kupunguza hedhi wiki kadhaa, apimwe tena, na huenda asingehitaji kuwekewa. Daktari anajua hayo, maabara wanajua, mimi najua. Mwenye mwili ndiye hakuambiwa.

Nilipotoka kazini nikachukua bodaboda mpaka Ikolo, matope mpaka magotini. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, viganja vyeupe. Mwezi huu ametokwa damu siku kumi na mbili. Mwingine kama huo bila dawa hatauvuka, na hilo halihitaji daktari kulijua. Alijikongoja kuinuka anisalimie kwa adabu zote. Ingekuwa afadhali angenifukuza.

"Sista, hata chakula chake nakiweka mbali, naondoka," alisema. "Sasa damu yake nitaibeba vipi? Bora nife na heshima yangu."

Nikakaa chini, nikamweleza yote. Akauliza maswali matatu, yote ya maana kuliko lolote lililoulizwa kwenye mkutano wetu. Chungu cha maharage jikoni hakikuwahi hata kuchemka, tukawa tumemaliza. Amechagua vidonge kwanza, Alhamisi anakuja kuanza kliniki.

"Ndaga fijo, sista, asante sana. Kumbe ni maneno haya tu?"

Haya tu. Tungemzika kwa maneno haya.

Nikiwa naaga, akaniuliza kuhusu bibi aliyekuwa kitanda cha pili. Usiku wa jana bibi alikuwa anamuuliza yeye, mgonjwa mwenzake, kama damu ya kuongezewa inabadilisha roho ya mtu, na kama anaruhusiwa kukataa. "Mlimjibu?"

Nikasema ndiyo.

Bibi amepasuliwa leo asubuhi, amewekewa chupa mbili za damu. Hajui kusoma. Kidole chake nilikishika mimi, nikakibonyeza kwenye wino na kwenye karatasi, na sikumwambia lolote zaidi ya "tulia, bibi."

Kesho kabla ya dawa, kabla ya chai, nitavuta kiti kando yake nimweleze kilichoingia mwilini mwake, na kwamba alikuwa na haki ya kukataa. Akinilaani nitaitikia.