Maswali Niliyomsomea Kokugonza

Kamachumu, Jumanne jioni

Ameshika mkia tena! Mwalimu ametangaza matokeo mbele ya shule nzima, kuanzia wa kwanza hadi binti yangu Kokugonza. Hesabu, sifuri. Kwenye karatasi kaandika "mzembe" kwa wino mwekundu.

Mzembe! Hatulii, kweli. Herufi anazigeuza, na kusoma mstari mmoja kunamchosha kuliko kulima. Lakini mzembe siye.

Leo nikimenya ndizi nilimsomea maswali yale yale. Alikuwa akirukaruka uani, akifukuza kuku, nikadhani hasikii. Akajibu moja baada ya jingine, akapata yote. Kumbe mtihani ule haukupima hesabu, ulipima kusoma tu. Kesho nitamwomba mwalimu amsomee, hata akinicheka.

Nilifurahi, kisha hofu ikanishika. Shemeji anakuja Jumapili. Tangu ugonjwa huu wa kukonda na kukohoa umchukue mume wangu, ukoo unaulizana nani atarithi kibanja chetu cha migomba na nani atachukua mtoto, kana kwamba mimi nami nimeshazikwa. "Huyo asiyejua kusoma atanifaa jikoni," shemeji alisema pale pale matangani. Karatasi hii ya mtihani asiione.

Nikakohoa kidogo, nikaendelea kumenya.

Kokugonza akasimama ghafla. Kutwa nzima sikuwa nimemwona ametulia hivyo.

"Mama," akasema, "kikohozi chako sasa kinalia kama cha baba."

Na leo hajakosea jibu hata moja.