Kikohozi cha Miaka Arobaini

MaNgwevu mke wangu,

Tumekwenda zahanati: mimi, mkwe wetu Nolwandle na mtoto. Wahamishe mbuzi kivulini kabla jua halijawa kali. ~~Uji wa mtoto uufunike usipoe.~~ Uji wa mtoto wape kuku.

Ulipokwenda kuteka maji, mtoto alilia mdomo wazi, nami nikavaa miwani. Chini ya ulimi wake kuna ngozi fupi inayoushika, hauinuki. Ndiyo maana ananyonya, anachoka, haongezeki uzito. Maziwa yapo, na wewe wiki nzima unamwambia Nolwandle, “Titi lako kavu, binti!” Akirudi umwombe radhi. Nesi amenijibu kwa simu, “Mlete nimwone, Tata. Ikibidi kuikata, ni dakika moja tu.”

Nimeijuaje? Ninayo mwenyewe. Mama alinilea kwa kijiko. Shuleni walinicheka mpaka nikatoroka, nikaja kusoma shule ya usiku nikiwa na ndevu. Na jina la ukoo wetu, Qwathi, linataka ulimi ugonge kaakaa, wangu haufiki. Kwa hiyo kila sherehe, nikitaja wahenga na kulifikia jina hilo, nakohoa, watu wananimalizia. Hata wewe nilikuficha. Ni kiburi tu.

Mjukuu wangu atalitamka bila kukohoa.

Ile dawa chungu unayonichemshia tangu tuoane, leo imwage. Kifua changu kizima kabisa.

Babu yake,
Qwathi (kuandika naweza)