Ngozi ya Chura wa Nzega

Baba,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo kisha nikasubiri, kama nilivyokuwa nikisubiri juu ya kisima ulichokuwa ukichimba, siku za likizo. Nikiinamia shimo na kukuamkia, marahaba yako ilikawia, halafu ikapanda nzito kutoka chini, na vibarua wako wakacheka. Ijumaa asubuhi niliitafuta sauti hiyo kichwani nikaikosa. Niliogopa, Baba. Bado naogopa.

Lile jiwe ulilochimbua Nzega, lenye mifupa ya chura wa kale, lipo juu ya kabati. Ulisema, "Mtazame, kanyoosha mkono kama anaomba lifti ya Igunga." Nililipeleka shuleni. Mwalimu wa biolojia akanionyesha kivuli cheusi kuzunguka mifupa, akasema hiyo ni alama ya ngozi. Nyama huoza upesi. Lakini mara chache madini yaliyomo majini huwahi, yakaganda palipo na ngozi na kulishika umbo lake. Yakichelewa, hubaki mifupa tu.

Yakichelewa. Neno hilo halinitoki. Mimi nilichelewa. Basi la kutoka Tabora lilipofika, walikuwa wamekwisha kukuzika. Sikukuona uso.

Juzi, tukisafisha nyumba kwa ajili ya hitima yako ya mwaka, Shangazi alilichukua jiwe akalisugua kwa waya wa sufuria. "Uchafu huu mnauacha mpaka wageni waje?" Nilipiga kelele hadi mdogo wangu Zuhura akalia. Kivuli cha tumbo na cha mgongo kilikuwa kimekwenda. Shangazi alipoambiwa ni ngozi, aliketi chini, waya mkononi.

Umebaki ule mkono wa lifti. Pale kivuli kipo, hata ngozi nyembamba katikati ya vidole.

Zuhura hakukumbuki, ulipofariki hakuwa ameanza kusema. Jana aliniamkia kwa mara ya kwanza. Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliingiza kichwa ndani ya pipa tupu la maji nikaitikia marahaba, nikiikawiza, nikiivuta kutoka chini. Shangazi alitoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Nani kaitika?"

Hakuwa akiniuliza mimi, Baba. Alikuwa akilitazama pipa.

Pumzika. Mungu alipanue kaburi lako na kulitia nuru. Kila Zuhura atakaponiamkia nitaitikia hivyo, mpaka naye aweze kuiiga sauti yako. Safari hii sichelewi.

Mwanao,
Mwajuma